Beseni la Mzee wa Ceará

Siku tatu mzee aligoma kuoga, na mimi hasira zilishanipanda. Alikuwa Mbrazili, nami mhudumu wake katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, mjini Fridley. Msimamizi alishasema: asipooga kufikia Ijumaa, anahamishiwa nyumba nyingine, mbali. Binti yake anaishi Champlin, mji wa jirani, humletea supu kila jioni. Huko mbali angefika mara ngapi?

Kila asubuhi nilifungua shawa, nikayaacha maji yatiririke mpaka yapate moto, ndipo nikamfuata. Akifika mlangoni anafumba macho, machozi yanamtoka. Nilidhani anaona haya. "Babu, nimeogesha wazee wengi, huna jipya wewe!" Hakucheka.

Alhamisi, kahawa ikiwa mbele yake, alimwaga chumvi mezani akaanza kunichorea kwao, jimbo la Ceará, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Hapa pwani, penye mahoteli. Huku ndani bara, mvua huja ikipenda. Pamba yao ililiwa na wadudu, wakabaki na mbuzi, mikorosho, na nta ya kukwangua kwenye majani ya mitende ya porini. Vijana walikwenda kusini kutafuta vibarua. Kisha akachora mto mkavu, akachimba kishimo katikati yake. Akawa anachota kwa kijiko, anangoja, anachota tena.

Lahaula! Kishimo kile nakijua. Kwetu Dodoma tunachimba mchanga wa mto hivyohivyo, tunangoja maji yajichuje. Nikamsimulia jinsi mama alivyokuwa akiamka kabla jogoo hajawika ili awahi zamu ya kuchota, akirudi na ndoo moja. Na mimi, mtoto wa mama yule, naacha bomba wazi mbele ya mzee huyu ili nisipate baridi vidoleni! Niliona aibu, na nikamwambia hivyo.

Ijumaa nilileta beseni na kopo kutoka kwangu. Akaoga mwenyewe huku akiimba, mimi nikamsugua mgongo tu. Msimamizi akaandika: ameoga, anabaki.

Nilipoinua beseni nikamwage maji, mzee akanishika mkono. "Kwenye mti gani?" Nje ni theluji tupu. Tukaenda mpaka kwenye ua la chunguni pale mapokezi, akalipapasa jani, akasonya. Plastiki! Basi beseni likalala na maji yake bafuni kwake.

Jumamosi binti alikuja na supu, na mche wa pilipili ndani ya chungu. Mzee akaumwagilia maji yale polepole, kopo kwa kopo. La mwisho akanipa mimi nimwagie.

"Hili la mama yako," akasema.