Hapana ya BanaMwape

Siku ya kwanza kazini nilipewa ubao wa kuandikia, penseli mbili na onyo moja. Mkuu wa Utafiti, Mzungu mrefu aliyesomea saikolojia ya jamii, alinitazama akasema: "Mhojaji hana uso. Ukikunja uso, umeharibu jibu." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na uso wangu haujawahi kunitii hata siku moja. Hapo ni Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ya sabini, katika chumba cha kuazima nyuma ya ofisi za wilaya.

Niliajiriwa kwa sababu ya ulimi wangu. Baba alikuwa mvuvi wa hapa, Mama alitoka ng'ambo ya ziwa, Zaire kama ilivyoitwa siku hizo. Nyumbani tulisema Kibemba, lakini sokoni, wanapokutana wachuuzi wa pande zote mbili, biashara ilikwenda kwa Kiswahili cha ng'ambo. Mkuu alitaka hojaji, yaani karatasi ya maswali, iwe ya lugha moja kwa wote. Kazi ya kuitafsiri kutoka Kiingereza nikapewa mimi. Nilijiona mkubwa kweli.

Tulikuwa tunapima mitazamo. Mkuu alitufundisha kwamba mtazamo una sehemu tatu: kile mtu anachoamini, kile anachohisi na kile anachotenda. Hazaliwi nao; anaupata kidogo kidogo kwa wazazi, kwa majirani, kwa kumzoea fulani au kumkosa. Kwa kuwa hauonekani kwa macho, unauliza maswali mengi madogo kisha unajumlisha. Mtu anasema ndiyo au hapana, halafu anaonyesha kwa nguvu gani, tangu moja hadi tano. Hicho ndicho tulichokiita kipimo.

Ninyi vijana mnaotuma maswali kwa simu hamjui tulikotoka. Kule Kafutuma, kwenye majaribio, nilitoa shauri kwamba nguvu ya jibu ionyeshwe kwa samaki wakavu watano, kuanzia chisense, dagaa wetu mdogo, hadi samaki wa kujaza sahani. Kila mwanamke, kwa kila swali, alishika yule mkubwa. "Huyu njo wa kupika," mmoja akaniambia, yaani ndiye wa kupika, na kweli akaondoka naye. Tulipofika Puta tulikuwa tumeshahamia kwenye vijiwe, kimoja hadi vitano.

Kisha tukarudi kwenye soko la Nchelenge, na hapo mchezo ukaisha. Kamati ya soko ilikuwa inangoja matokeo yetu. Baadhi yao walitaka wanawake wa ng'ambo waondolewe karibu na maboti na kupelekwa mbali, mahali asipopita mnunuzi. Kama ingeonekana wachuuzi wetu hawawataki, basi wangeondoka. Mmoja wao alikuwa Mama Feza, muuza chumvi na vitenge, mwenye watoto wanne waliokula kutokana na meza ile. Meza yake iligusana na ya BanaMwape, mama yake Mwape, muuza samaki wa hapa hapa.

Swali lenyewe kwa Kiingereza lilizunguka kwa adabu: je, hungependa watu wa ng'ambo wakae nawe sokoni? Mimi nikalitafsiri neno kwa neno: "Haupende batu ya ngambo bakae mu soko pamoja na weye?" Mwongozo wa alama ulisema: akijibu ndiyo, anawataka; akijibu hapana, anawakataa.

Alama zilipojumlishwa, Msimamizi wa Wahojaji, kijana wa mjini aliyependa kumaliza mapema, alitangaza kwamba soko zima limekataa. Nikaifungua fomu ya BanaMwape. Hapana, vijiwe vitano. Nami asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona amembeba mgongoni mtoto wa mwisho wa Mama Feza.

"Watu husema hivi wakatenda vile," Msimamizi akanijibu. "Jambo la kawaida. Funga bahasha."

Sikuifunga. Nilikwenda sokoni, roho juu.

"BanaMwape, juu ya nini ulisema haumutake Mama Feza?"

"Mayo! Miye?" Aliacha kisu. "Weye mutoto, uliniuliza kama simupende. Nikasema hapana! Hapana, haiko vile! Namupenda. Unataka nilie ndiyo utasikia?"

Ndipo nikaliona kosa. Kwetu, ukiulizwa kwa neno la kukana, unalijibu swali lenyewe. "Haupende?" Hapana, si kweli, napenda. Mwongozo wa Mkuu ulidhani mtu anajibu moyo wake moja kwa moja. Wote waliowapenda zaidi ndio tuliowaandika kuwa wanawachukia, na kosa lilikuwa langu, la mkono wangu.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya kujaribiwa kazi. Niliogopa sana, lakini nilikwenda nikakiri mbele ya Mkuu. Msimamizi alikuwepo.

"Mama yake ni wa ng'ambo," akamwambia Mkuu. "Anawatetea ndugu zake. Nani ajuaye kama hakuzigusa fomu?"

Mkuu alinikazia macho. "Hukubadilisha majibu kwa ajili ya mama yako?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Amekiri!" Msimamizi akapiga meza.

Mkuu alibadilika rangi. Nami nilikuwa sielewi nimekosa nini. Kisha akavua miwani polepole. "Ndiyo, umebadilisha?"

"Hapana! Ndiyo, sikubadilisha."

Alicheka hadi akakaa. Akamgeukia Msimamizi: "Kidogo tu nimfukuze kwa kosa lile lile analotueleza." Halafu akanirudishia ubao. "Rudieni soko zima. Na safari hii muulize bila hiyo 'ha' mbele."

Tuliuliza upya, wengi wakajibu kwamba wanawapenda, na wanawake wa ng'ambo wakabaki kwenye meza zao. Mkuu nilimpenda tangu siku ile, na ninalisema waziwazi. Nikafanya kazi hiyo hadi Mofwe na mbali zaidi, chini ya wakuu wengine wanne, mpaka nilipostaafu. Nilijifunza kutengeneza maswali mazuri. Uso wangu haukuwahi kujifunza kitu.

Mama Feza hakujua kamwe alivyokaribia kuondolewa. Mwaka niliostaafu alifariki kwao ng'ambo. BanaMwape, aliyeuza samaki maisha yake yote bila kuthubutu kupanda boti, alikuja mlangoni kwangu amejifunga kitenge cha msiba, akasema tunavuka. Alitetemeka tangu tulipoacha ufuko hadi tulipofika. Nilimshika mkono njia nzima, na sikumwuliza swali hata moja.