Hoteli ya Vyumba Viwili

Mtaani walimwita Mzee Pasi, na yeye hakuona sababu ya kukataa. Miaka kumi na sita alikuwa amesimama mbele ya mashine ya pasi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, akiingiza mashuka yenye unyevu upande huu na kuyapokea yamenyooka upande ule. Mashuka mia nne kwa siku, mia tano wageni wakijaa. Akilishika shuka kwa vidole viwili tu aliweza kukuambia limeshafuliwa mara ngapi tangu litoke dukani, na akikosea, alikosea kidogo.

Kwa hiyo watu wote walidhani anajua kufua. Hata yeye mwenyewe alidhani hivyo. Ukweli ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kufua hata leso. Kufua kulifanyika chumba cha pili, kwa akina mama watatu na mashine zao, na kwenye mlango wa katikati palibandikwa tangazo la kukataza kupita. Mzee Pasi alikuwa mtu wa kutii matangazo. Na nyumbani hata pasi yenyewe hakuigusa. Kinyozi hajinyoi, alisema, akanyoosha miguu.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na watoto wanne. Mkubwa alikuwa binti wa miaka kumi na minne, ambaye wote walimwita Dada, baba yake akiwemo. Walifuata mapacha wawili wa kiume, wenye miaka kumi na midomo ya watu kumi. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka sita aliyeitwa Kifungo, kwa sababu alitafuna vifungo vya kila nguo aliyovishwa.

Mama yao alifariki miaka minne iliyopita. Hakuna kikao kilichoitishwa cha kugawana kazi zake. Wiki ya pili baada ya mazishi Mzee Pasi alirudi kutoka kazini, akakuta nguo kambani, akamshukuru Mungu, akaingia ndani kula. Kesho yake akakuta tena. Jambo likikukuta mara mbili unalizoea, na likikukuta miaka minne unaanza kudhani ni hali ya hewa.

Kisha ikaja barua. Dada alikuwa amefaulu, tena vizuri, na alipewa nafasi katika shule ya bweni iliyo mbali. Alitakiwa kuripoti baada ya wiki tatu, na asiporipoti nafasi yake angepewa mtoto mwingine. Mzee Pasi aliisoma barua kwa sauti mara mbili, mara ya tatu akatoka nje kumsomea mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekuja kuangalia bomba linalovuja. Aliporudi ndani kifua mbele, Dada alimwambia kwamba haendi.

"Nikienda, nani atafua?"

Mzee Pasi alicheka kweli, kicheko cha tumboni. "Mama, unamwuliza dobi nani atafua?"

Dada hakucheka. Alimweleza baba yake, kwa upole na bila kumkosea adabu, kwamba yeye si dobi bali ni mpiga pasi, na kwamba hayo ni mambo mawili. Kisha akampa masharti. Zilibaki Jumamosi tatu. Baba afue nguo za nyumba nzima, isipokuwa mashuka, hayo amwachie yeye. Ikifika Jumamosi ya tatu nguo ziko kama zinavyotakiwa, atafunga sanduku. Zisipokuwa, barua irudishwe. Mzee Pasi alikubali kwa dharau ya mtu wa mashuka mia nne.

Dada yake Mzee Pasi, yaani shangazi wa watoto, alipopata habari alitoa suluhisho alilokuwa nalo tangu mwaka juzi: kaka yake aoe. Akajibiwa kwamba mtihani ni wa kufua.

Jumamosi ya kwanza Mzee Pasi alianza mapema. Alifua kwa kelele, maji yakajaa uani, bata wa jirani wakaja kuogelea. Baada ya kusuuza akakoroga wanga, ile poda nyeupe inayotengenezwa kama uji mwepesi ili kola za wahudumu zisimame, akazamisha nguo zote. Hakuona haja ya kubagua. Jumatatu asubuhi kaptula za mapacha zilisimama zenyewe pembeni mwa kitanda, zikisubiri wenyewe. Darasani kila wakikaa zililia, mpaka mwalimu akawaruhusu kusimama. Kifungo alirudi nyumbani akitembea kama bata wa jirani, akalalamika kwamba chupi inamng'ata.

Dada alichukua soksi moja akaigonga mezani. Ikalia ko.

"Baba, umetia wanga hata soksi?"

"Hotelini kila kitu..."

"Hotelini wageni hawavai mashuka, Baba."

Jumamosi ya pili Mzee Pasi aliuficha wanga mwenyewe, asije akashawishika. Alifua taratibu, akasuuza mara tatu, na wakati wa kuanika akafuata utaratibu wa kazini: kila kitu na mwenzake. Mashati na mashati, soksi na soksi, kuanzia ndefu mpaka fupi. Alirudi nyuma hatua kumi kutazama kamba, akaona uzuri wake, akatamani msimamizi wake wa kazini apite.

Msimamizi hakupita, ila Jumatatu ilifika. Pacha mmoja alivaa sare ya mwenzake, mwenzake akakataa kuvaa iliyobaki, wakapigana. Kifungo alisimama chini ya kamba akiziangalia nguo zake zilizoning'inia juu kama matunda ya mtu mwingine, akasubiri, akalia, akachelewa shule. Hapo ndipo Dada alipomwonyesha baba yake kamba ya chini.

Ilikuwa kamba fupi, imefungwa toka kwenye bomba mpaka kwenye mguu wa meza ya tangi la maji, usawa wa kifua cha Kifungo. Mzee Pasi aliijua. Miaka miwili alikuwa akiizunguka kila akienda kuoga, akidhani ni kamba iliyosahauliwa, na mara moja alikaribia kuifungua ili afungie godoro. Dada alimweleza kwamba nguo za Kifungo huanikwa hapo ili ajichukulie mwenyewe bila kumsumbua mtu. Za mapacha huanikwa juu, za mmoja kushoto na za mwenzake kulia, wasikutane. Za baba mwisho kabisa, kwa sababu yeye huoga wa mwisho. Alieleza yote hayo kana kwamba anasoma ratiba ya basi.

Sasa Mzee Pasi aliogopa. Jumamosi moja ndiyo iliyobaki, na mwanawe, aliyewashinda watoto wa wilaya nzima, angekosa shule kwa sababu baba mtu hajui kuanika soksi. Usiku hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alifika kazini, akalitazama lile tangazo la kukataza kupita, akasukuma mlango akapita.

Akina mama wa mashine walipojua shida yake walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya tenga la taulo. Walipomaliza kucheka wakamfundisha. Walimwonyesha jinsi ya kusugua kola kwa sabuni ya mche kabla ya kuloweka, kugeuza nguo ndani nje, kukamua bila kunyonga, na kukung'uta kabla ya kuanika ili hata pasi isihitajike. Hilo la mwisho lilimuuma kidogo, lakini alilipokea. Siku nne alijifunza wakati wa chakula cha mchana, akisimama mbele ya karai, wao wakila na kumsahihisha.

Jumamosi ya tatu hakuna kilichoharibika. Za Kifungo zilikuwa kamba ya chini, za mapacha kushoto na kulia, zake mwisho. Jioni, nguo zilipokauka, Dada alikagua. Aligeuza kola. Akanusa makwapa ya mashati. Akaingiza mkono ndani ya soksi mpaka kwenye vidole. Alitafuta kosa kwa bidii, na kadiri alivyolikosa ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito.

"Zimetakata, Baba," alisema. Kisha akasema, "Lakini siendi."

Mzee Pasi alikasirika. Alimwuliza ni nini tena kilichobaki, masharti si yametimia? Dada alikuwa anamwangalia Kifungo, aliyekuwa amekaa chini akitafuna kibanio cha nguo. Halafu akachukua ndoo akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mtu akikasirika hushika kazi anayoijua. Mzee Pasi aliingia ndani, akawasha pasi, na kwa kuwa hakuona kitu kingine cha kunyoosha akatoa rafuni yale mashuka aliyokatazwa. Yalikuwa ya vitanda vya watoto, yote yamenunuliwa siku moja, duka moja, wakati mama yao yu hai. La kwanza lilipita chini ya pasi bila neno. Limefuliwa mara mia mbili, mkono ulimwambia. La pili mara mia mbili. La tatu vivyo hivyo. Aliposhika la nne, vidole vilisimama.

Lilikuwa jepesi kama leso. Aliliinua kwenye taa akaona dirisha upande wa pili. Hili halikuwa limefuliwa mara mia mbili wala mia tano. Lilifuliwa kila siku ya Mungu, kwa miaka. Akafikiri mkono umekosea, akarudia. Mkono haukukosea. Akaligeuza mpaka pembeni, na pembe moja ilikuwa imetafunwa.

Akaiweka pasi pembeni na kukaa kitandani. Alikumbuka shuka aliloliona asubuhi nyingi likikauka nyuma ya tangi, mahali pasipo jua la kutosha, akadhani Dada anapenda usafi kupita kiasi. Alikumbuka kipande cha nailoni chini ya shuka la Kifungo, alichoambiwa ni cha kuzuia vumbi. Akafikiria mapacha na midomo yao. Wangelijua jambo hili asubuhi, kabla ya adhuhuri lingekuwa wimbo shuleni. Miaka minne mwanawe alikuwa akiamka gizani kuificha siri ya mdogo wake, na yeye, bingwa wa mashuka, alikuwa amelala chumba cha pili akikoroma. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo alimpenda binti yake mpaka kifua kikamuuma.

Hakumwambia neno. Siri iliyotunzwa hivyo haiulizwi. Alikunja mashuka yote manne, akayarudisha rafuni kama alivyoyakuta.

Kesho yake aliamka kabla ya jogoo, akaingia chumba cha watoto kwa vidole vya miguu. Kifungo alikuwa ameketi kwenye kitanda chake, macho wazi, mkono umenyooshwa kuelekea bega la Dada ambaye bado alikuwa usingizini. Alipomwona baba yake, mkono ulibaki hewani.

"Mwache Dada alale," Mzee Pasi alinong'ona. "Leo ni zamu yangu."

Alimbadilisha nguo zilizolowa, akatandua shuka la kitanda chake yeye na kumlaza hapo, akalitoa na lile bichi la Kifungo, akaenda kuyafua. Kisha akarudi kuwaamsha mapacha, akawaambia wapishe, anataka mashuka yao. Wakauliza kwa nini, jana tu walitandikiwa. Akawaambia kwamba hotelini mashuka hubadilishwa kila asubuhi, na kuanzia leo hapa pia ni hoteli. Pacha mmoja akasema hotelini huwa kuna mayai. Akaambiwa arudi kulala.

Dada aliamka jua likiwa limeshaingia chumbani, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alitazama kitanda cha Kifungo, kitupu, akakurupuka akatoka mbio mpaka uani. Kambani, kwenye jua la wazi, kulikuwa na mashuka manne mabichi yamepangwa mstari mmoja: mawili ya mapacha, la baba, na la Kifungo katikati yao. Mapacha walikuwa wanapita chini yake wakifukuzana, hawana habari. Mzee Pasi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vimekunjamana kwa maji.

Dada aliligusa shuka la Kifungo.

"Kila siku, Baba?"

"Kila siku."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitayakausha kwa pasi. Hiyo kazi naijua."

Dada aliingia ndani. Mzee Pasi alisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Baadaye binti akatoka tena na shuka la kitanda chake mwenyewe, akamkabidhi baba yake. Katika miaka minne lilikuwa shuka la kwanza alilompa mtu mwingine afue.

"Na hili ulifue, naondoka nalo," alisema. "Ila usilitie wanga."

Mzee Pasi alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka juu ya ndoo, akaenda kuijaza maji.