Sabuni ya Sandukuni

Hadi leo, nikinusa sabuni mpya ya kuogea, naitazama mikono yangu. Harufu hiyo ilikuwa ikitoka katika sanduku la bati la mama, nyumbani kwetu Shelui, mwaka ule maduka ya barabarani yalipoanza kujaa bidhaa baada ya miaka ya kukosa hata kipande cha kufulia. Katika miaka ya shida tulinawa kwa majivu ya jikoni. Biashara ilipofunguliwa, baba alileta sabuni nne za rangi ya waridi, kila moja ndani ya karatasi yenye picha ya ua. Mama akazilaza katikati ya kanga zake ili zinukie, akafunga sanduku. "Hizi za wageni," alisema. "Na majivu basi tena. Watu watatucheka, sabuni ipo ndani." Tukawa watu wenye sabuni, tunaonawa kwa maji matupu.

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mdogo wangu Eliza, ambaye hakuwa ametimiza miwili. Nilimtawaza, nikasuuza vidole, nikammegea ugali na mlenda. Siku moja alianza kuhara. Kesho yake kukawa na damu. Macho yalizama, akawa analia bila machozi. Mama alimbeba hadi zahanati, nami nikafuata nyuma nikiitazama mikono yangu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinitisha kuliko kipigo.

Nesi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kisha akamgeukia mama.

"Mnanawa na nini?"

"Maji."

"Sabuni hamna?"

"Ipo, nesi. Sandukuni."

"Kwani inaumwa? Sabuni imelala kwako, mtoto amelala kwangu!"

Mama aliinama. Nesi akaishika mikono yangu bila ukali. Alinieleza kwamba sabuni ni mafuta yaliyopikwa na magadi yakageuka, na asidi zilizomo katika mafuta hayo ndizo zinazofanya kazi. Vijidudu navyo vimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta. Vingine sabuni huvipasua ngozi hiyo, vingine huving'oa pamoja na sumu zao, maji yakavichukua. "Hata majivu yenu yalisaidia," alisema. "Yakikutana na mafuta ya mkono, huwa sabuni kidogo. Mmeyaacha, na sabuni hamjaigusa."

"Nesi, Eliza atakufa?"

"Bado anameza. Wewe mhesabie vijiko, mwanangu."

Nilihesabu siku mbili, nikiogopa kila kijiko kilichomwagika shavuni. Siku ya tatu asubuhi Eliza alilia, na chozi moja likateremka. Mama alilishika kwa kidole, akalitazama, akaondoka bila kuaga. Mimi na baba tulipomrudisha Eliza nyumbani, sabuni zote nne zilikuwa zimefunguliwa, moja imeshalowa kando ya mtungi.

Siku hizi Shelui sabuni imetundikwa kila kibanda, na Eliza ana watoto wake. Akinunua sabuni huichana karatasi palepale dukani, muuzaji akamcheka. Mimi sicheki. Nikiingia nyumba ya mtu, jambo la kwanza ninalotazama ni kipande cha sabuni, na nikikikuta kizima, kikavu, kinanukia vizuri, naanza kuwahesabu watoto wa nyumba hiyo.