Niliandika "Wenyeji Tu", Sasa Naitwa Mahakamani

Barua hii imetufikia kutoka pwani ya kusini. Jina la mwandishi tunalo sisi peke yetu, na litabaki kwetu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Diani, sijaolewa. Nimesoma hadi sekondari, na sasa ni karani katika jumba jipya la ghorofa saba lililojengwa ufukweni kwetu. Si hoteli. Kila fleti huuzwa ikawa mali ya mtu. Ndani mna lifti, chumba cha vyuma vya mazoezi, chumba cha mvuke, kitanda cha kukandwa, na bwawa la kuogelea lililochimbwa kando ya bahari, jambo ambalo mama yangu hajalielewa hadi leo. Wenye fleti wengi ni Wazungu, ingawa tangu tupate uhuru wamo pia wakubwa wetu kutoka Nairobi. Nimewaandikia kwa kalamu kwa sababu taipureta ya ofisini ina herufi moja iliyopinda, nami naogopa kujulikana.

Mambo yalianza alipokuja ofisa kutoka Kwale akasema vibao vyote viandikwe kwa Kiswahili pia. Meneja wetu ni Mzungu ambaye Kiswahili chake ni cha kuagizia chai, basi kazi akanipa mimi. Kibao cha mlango wa bwawa na mvuke kilisema, kwa Kiingereza, kwamba pale ni pa wale wakaao humo tu. Nilifikiri sana. "Wapangaji" sikuweza kuandika, maana wamenunua. "Wakazi" nayo haikunikaa vizuri, kwa kuwa wengi huja mwezi mmoja wakaondoka. Nikakumbuka kwamba kwetu mwenye nyumba anayepokea wageni huitwa mwenyeji. Nikaandika: WENYEJI TU. Meneja akakitazama, akanisifu kwa hati nzuri, kikapigiliwa.

Jumamosi moja asubuhi shangazi yangu, dada yake baba, alifika na wanawake wenzake watatu. Bawabu akawauliza wanakwenda wapi. Shangazi, ambaye alijifunza kusoma utu uzima na sasa hapiti maandishi bila kuyasoma, akamwonyesha kibao.

"Soma mwenyewe, baba. Mimi hapa ni mwenyeji tangu nyumba hii haijachimbiwa msingi. Au wewe wanijua kwa ugeni?"

Bawabu akasoma, akacheka, akawafungulia.

Mimi nilikuwa ghorofa ya nne nikihesabu mashuka. Haya yafuatayo wamenisimulia wao wenyewe. Waliingia chumba cha mvuke, wakakaa na leso zao.

"Kumbe ni nyungu!" akasema mmoja. "Wazungu nao wajifukiza! Watia majani gani?"

"Hakuna majani. Ni maji matupu."

"Maji matupu? Basi wajipika tu, maskini."

Wakahamia chumba cha pili. Akaingia bibi mmoja wa Kizungu, akajilaza juu ya kile kitanda cha kukandwa bila hata salamu, akaonyesha mgongo wake kwa kidole. Shangazi kazi yake ni kukanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, na Msambweni yote wamjua. Akamkanda kwa moyo mmoja mpaka yule bibi akakoroma. Alipoamka akitabasamu, shangazi naye akapanda kitandani, akalala kifudifudi.

"Haya, mama. Zamu yako."

Yule bibi alitoka mbio. Kabla ya adhuhuri polisi walikuwa wamefika, na wanawake wote wanne wameshtakiwa kuingia mahali pa watu bila ruhusa. Kesi iko Kwale, na mimi nimeandikwa shahidi.

Meneja aliniita akafunga mlango. Hakufoka. Alisema mimi ni msichana mwerevu na atanipandisha cheo. Nikubali tu kusema kwamba kibao kilikuwa na kosa, lakini niliwakuta mlangoni nikawakataza kwa mdomo, wakakaidi. Nisiposema hivyo, nisirudi kazini.

Mimi sikuwakataza. Hata sikuwaona.

Baba anasema niseme. "Watatozwa faini, tutachanga, yataisha. Lakini kazi ya ofisini ukiipoteza utaipata wapi? Utarudi kusuka makuti?"

"Ni dada yako, baba."

"Najua ni dada yangu! Nawe ni mwanangu."

Nilimwendea shangazi nikilia. Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua hata uso.

"Mimi sikuombi kitu, mwanangu. Ukiona kazi ni bora, shika kazi. Sema neno lako ulikosea, sema mimi ni mjinga, yote nitabeba. Ila usiseme ulinikataza nikakaa. Mimi mtu akinikataza huondoka."

Tangu siku hiyo sijapata usingizi, lakini nimepata la kusema. Nitasema nilipoandika niliwafikiria wenye fleti, maana ndiyo kweli. Kisha nitasema wale wanawake walisoma Kiswahili chao sawasawa, wala hakuna mtu aliyewakataza. Kama jumba zima la ghorofa saba linatikiswa na neno moja, neno halina kosa. Waniachishe.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, msinishauri niseme uongo, hilo limekwisha. Ninaogopa, siwafichi. Sijawahi kusimama mbele ya hakimu, na meneja atakuwa amekaa akinitazama, na baba pia. Nishaurini hili tu: mtu mwoga afanye nini ili, akiulizwa mbele ya wote mwenyeji wa Diani ni nani, ajibu mara moja, na wasikie hadi waliosimama nje?