Ganzi ya Vidole Vitatu

Kabla yangu, meza ile alikaa dada mmoja aliyelalamika kuwa mkono unamuuma kwa kuchapa. Bosi akamwambia apumzike. Anapumzika mpaka leo, maana mkataba wake haukuongezwa.

Basi vidole vyangu vilipoanza kufa ganzi, nikafyata mdomo. Kazi yetu pale Tanga mjini ni kuingiza majalada ya zamani kwenye kompyuta, kutwa kucha, meza inanifika kifuani, kiti chenyewe kile cha plastiki cha kukodi harusini. Miezi minane ya kibodi, na gumba, shahada na cha kati vya mkono wa kulia vikawa si vyangu tena. Mkataba ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na nyumbani mwenye mshahara ni mimi peke yangu.

Ijumaa tukaenda Pongwe kwenye hitima ya babu wa mume wangu. Nikawekwa sinia moja na mavyaa, mama wa mume wangu, na mbele yangu kakaa mke wa bosi, jamaa yao, ndiye aliyeniombea kazi. Pilau limetoka jikoni muda uleule, linafuka moshi. Nikajaribu kufinyanga tonge, wali ukanidondoka mapajani. Nikajaribu tena, yaleyale. Njaa inauma bwana, nikajisahau, nikatia mkono wa kushoto.

"Astaghfirullah! Mkono wa kutawazia kwenye sinia la watu?" Mavyaa alipaza sauti. "Kwenu hamkufunzwa?"

Wanawake wa masinia ya jirani wakageuka. Nikisema naumwa, mke wa bosi huyu hapa kanikodolea macho, na jioni mumewe anayo habari. Nisiposema, mimi ndiye mkamwana asiye na adabu, na mama yangu mzazi keshatukanwa. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe, mama, nimepitiwa."

Nikauzamisha wa kulia katikati ya sinia, pale wenzangu walipokuwa bado wanapakwepa. Tonge nikalifinyanga kwa kuliangalia, maana vidole havikuniambia kama nimelishika. Nikala. Nikarudia.

"Ehe! Ndivyo," mavyaa akasema, roho yake imetulia.

Mke wa bosi akanidaka mkono. "We mwenzetu, huungui?"

Nikatazama. Ncha za vidole zimeiva, zinaanza kututumka malengelenge, nami sijasikia hata joto.

"Nimezoea jiko, dada," nikasema, nikacheka. Moyoni niliogopa.

Jumatatu nilifika kazini na bandeji. Bosi akanipa pole, akanipa na siku tatu za mapumziko. Kuungua na pilau kila mtu anakuelewa. Nikakaa nyumbani mkono nimeulaza juu ya mto. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, cha kati kikaanza kuwaka pale penye malengelenge.

"Kinauma!" nikapiga kelele. "Alhamdulillahi, kinauma!"

Mume wangu alikuja mbio, akidhani nimerukwa na akili.

Kesho yake nikarudi kuchapa.