Magimbi ya Mwisho Bondeni kwa Shangazi

Nilitumwa Muleba kwa sababu najua Kihaya. Ofisini Bukoba walisema sera ya taifa ya kuhifadhi ardhioevu ikielezwa na mgeni watu watasinzia, ila ikielezwa na mtoto wa nyumbani watasikiliza. Sikuwaambia kwamba katika bonde hilohilo shangazi yangu Kokugonza ana shamba la magimbi linalogusa kijito, na kwamba shamba hilo ndilo lililoninunulia sare za shule.

Asubuhi tuliondoka kwa gari la ofisi, mimi na dereva. Kemondo tulisimama nikanunua samaki wa kubanika, maana kwetu haifai kufika mikono mitupu. Njia nzima nilijikaririsha: hakuna kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Sauti yangu mwenyewe iliniudhi.

Jioni, nyumbani kwa shangazi, nilipewa kahawa ya kutafuna kabla hata sijavua viatu. Nilimweleza sera yote, naye akasikiliza kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha, Mungu anisamehe, nikasogeza kiti.

"Shangazi, kwa shamba lako usiwe na wasiwasi. Tukivuta kamba ya mpaka, nitaipindisha kidogo."

"Na la Mama Byera?"

Mama Byera ni jirani yake wa bondeni, mjane.

"La Mama Byera ni la Mama Byera."

"Haya, waitu," alisema, akaenda kulala. *Waitu* huambiwa mkubwa, na mimi ni mtoto wake. Nilidhani ananitania.

Kulipokucha hakuwemo ndani. Nilimkuta bondeni, tope magotini, jembe mkononi. Alikuwa ameng'oa shamba zima, hata magimbi machanga yasiyotosha kiganja.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Leo unasimama mbele ya watu," alisema bila kuniangalia. "Baba yako hakuzaa mtu wa kupindisha kamba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumpokea jembe, lakini hakukuwa na kitu kilichobaki cha kulima.

Mkutanoni, kwenye ofisi ya kijiji, aliingia na sufuria kubwa ya magimbi ya kuchemsha. "Kuleni, ya kwangu ndiyo yameisha. Mwanangu ana neno." Nikasema neno langu, macho nikiwa nimeyaelekeza ukutani. Nilipomaliza, Mama Byera alisimama.

"Tumesikia. Tukitoka bondeni, tutakula nini mpaka tutakayopanda huko juu yakomae?"

Sera inataja shughuli mbadala. Nilizitaja, nyuki na samaki wa bwawa, na hata mimi nilisikia kwamba sijamjibu. Shangazi alikuwa akinitazama. "Sijui," nikasema hatimaye. "Nitakwenda kuuliza, na nitarudi kuwaambia." Mchana tukavuta kamba. Ilinyooka.

Wakati wa kuondoka shangazi alinijazia kikapu magimbi yale machanga. Nikakataa. Akakiweka garini mwenyewe, akafunga mlango.

Usiku nilikuwa Kibeta, nyumbani kwangu Bukoba. Nilikwenda kuwafundisha watu kuheshimu bonde, na mtu wa kwanza kuivunja sera ile, kabla hata haijasomwa, nilikuwa mimi. Hilo ndilo nililojifunza, wala sihitaji semina.

Mume wangu aliyachemsha magimbi yale, akaonja, akashika koo.

"Yanawasha! Nani kayachimba kabla ya wakati wake?"

"Mimi," nikamwambia, nikachukua jingine.