Msimamizi wangu wa masters ya online hanisalimii, nikajua kaamua kunifelisha

Wakuu, kwema humu? Hili limenikuta mwenyewe, sijahadithiwa. Sina sababu ya kutia chumvi maana aibu ni yangu.

Nasoma masters online nikiwa nyumbani, Mabawa, Tanga. Utafiti wangu ni wa wanawake waliokuwa wakilima mwani kule Moa. Msimamizi wangu ni mama mmoja wa bara, hatujawahi kuonana. Asipopitisha proposal muhula huu, narudia mwaka.

Nikatuma. Badala ya maoni ya maandishi ikaja voice note. Hakuna hujambo, inaanza tu: "Kwa nini umechagua hawa na si wengine?"

Kwetu pwani mtu akikuingia bila salamu ana lake moyoni. Hata mgomvi wako anakuulizia kwanza watu wa nyumbani.

Zikafuata nyingine, maswali matupu. Hasemi nimepatia wala nimekosea.

Nikaanza kuunganisha. Huyu anahisi kazi si yangu, anatafuta ushahidi. Nikijibu najifunga. Nikanyamaza, nikawa narudia tu kuzisikiliza zile voice note, napima hata anavyovuta pumzi.

Nikampigia dada Zuhura wa Muheza, tunasoma naye. Akasema hata yeye hasalimiwi. Nikamuuliza kama naye anashukiwa.

"Mdogo wangu, wewe hata mtu akikuuliza saa unaona anataka kukuibia simu."

Sikuridhika. Nikaandika ombi la kubadilishiwa msimamizi. Kabla sijalituma, yule mama msimamizi akaniita Zoom, kamera iwashwe.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha:

"Mbona hujibu? Nimeanza kuamini kazi umeandikiwa."

Yaani shaka nimeileta mwenyewe kwa kunyamaza. Nikamweleza yote, mpaka la salamu. Akasema yeye hurekodi swali peke yake ili liwe fupi, lisimmalizie mtu bando, na hatoi majibu kwa sababu kwenye defence, siku ya kutetea utafiti, hakuna wa kunijibia.

"Haya, nijibu la kwanza."

Nikaeleza kwa nini nimewafuata walioacha mwani, si wanaoendelea. Nikaeleza mpaka nikasahau kuogopa.

"Hayo yote hayamo kwenye proposal," akasema. "Yaandike."

Nimeyaandika. Imepita juzi.

Nilichojifunza: mwalimu usiyemuona uso akikuuliza, jibu, hata kama jibu bovu. Na wahadhiri mliomo humu, siku ya kwanza tuambieni kwa nini mnafundisha hivyo. Mkituachia nafasi tupu, wengine tunaijaza wenyewe.

Mnaosoma online, nyie mnajuaje kama mtu anawafundisha au anawatega? Semeni, hata wa kunicheka karibuni.